Mkono Ufunguao Giaboksi

Siku hizi giaboksi haifunguliwi, inabadilishwa. Ukifika gereji ukasema gia ya pili inakwaruza, au ya tatu inachomoka ukiachia mafuta mteremkoni, fundi kijana hana swali la pili. Anatoa simu, anampigia mtu wake wa Gerezani au Ilala, anaulizia boksi ya mtumba, na kabla hujamaliza soda yako ameshakutajia bei. Jioni boksi ya zamani imetoka na nyingine imeingia. Iliyotoka inasukumwa ukutani, kwenye mchanga uliolowa oili, imngoje mnunuzi wa chuma chakavu. Hakuna aliyeichungulia ndani. Hakuna anayejua iliugua nini, wala kama kweli ilistahili kutupwa.

Nairobi ni hivyo hivyo pale Kirinyaga Road, na Kampala ni hivyo hivyo pale Kisekka. Wauzaji wa boksi hizo ni watu wa kazi, sina neno nao. Neno langu ni kwetu sisi wenye magari, na kwa mafundi wetu, tulioacha elimu nzima ituponyoke huku tukijisifu kuwa tumeokoa muda. Maana kuifungua giaboksi ya gia za mkono nyumbani, juu ya turubai, ukatoa kila kilichomo, ukakiosha, ukakikagua, ukakirudisha mahali pake, na gari likaondoka, ni moja ya kazi kubwa ambazo mkono wa fundi wa kwetu umewahi kuzifanya. Ilifanywa kimya kimya, nyuma ya nyumba, na watu ambao wengi wao hawakuwahi kutundika cheti ukutani.

Mimi niliiona kazi hiyo Tanga, mitaa ya Ngamiani, katika ua wa baba yangu mdogo. Ujanani aliajiriwa katika karakana ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, na alipostaafu alirudi mjini na sanduku la spana lililowatoa jasho vijana wawili kulishusha garini. Spana zake nyingi zilikuwa za vipimo vya Kiingereza, za Whitworth, kwa sababu gari alilolijua kuliko yote lilikuwa Land Rover 109 ya Series IIA, pikapu, rangi ya kijani iliyopaushwa na jua na chumvi ya bahari.

Land Rover zile ziliundwa zifunguliwe. Kampuni ya Rover iliionyesha ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ikiwa haijapona majeraha ya vita na chuma kikitolewa kwa mgawo, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Gari lililozaliwa katika uhaba likaja kuishi miaka mingi katika nchi iliyoujua uhaba. Karibu kila kipande chake kimeshikwa kwa boliti na nati, na mtu mwenye spana na subira anaweza kulivua nguo zote libaki fremu na magurudumu.

Giaboksi yake haishushwi kwa chini kama ya Hilux. Inatolewa kwa juu. Paa la kibanda linafunguliwa boliti na kuwekwa pembeni, viti vinatoka, lile sanduku la bati lililokaliwa na viti linatoka, mabati ya sakafu yanatoka, na hapo unaiona boksi imelala katikati ya gari, nyeusi kwa vumbi na oili ya miaka. Propela zinafunguliwa. Gogo linaingizwa chini ya injini ili isiiname itakapobaki peke yake. Halafu winchi ya mnyororo inafungwa kwenye tawi la mwembe. Mama mdogo alilitaka tawi lile likatwe, maana lilimwagia majani kwenye nguo zake alizoanika. Mzee alikataa katakata, na sababu yake tuliielewa kila Land Rover ilipoingia uani.

Hapo ndipo nilipoiona tofauti kati ya mtu anayejua na mtu anayevuta. Giaboksi ile, pamoja na transfa iliyoshikamana nayo nyuma, ni mzigo unaowashinda wanaume wawili. Hata hivyo haivutwi kwa hasira. Inarudishwa nyuma kidogo kidogo, imelingana sawasawa na injini, mpaka shafti ya mbele itoke yote katika pleti ya klachi. Uzito ukining'inia kwenye pleti kabla shafti haijatoka, pleti inapinda, na klachi itatetemeka kila unapoondoa gari. Baba mdogo alivuta mnyororo kwa mkono mmoja, na kiganja cha pili alikiweka juu ya boksi, akipima kama inakuja yenyewe au inalazimishwa. Ikigoma hata chembe, aliacha kuvuta akaenda kutafuta ni nini kinachoizuia. Daima kilikuwepo: boliti moja iliyosahauliwa, fimbo ya breki ya mkono, kitu.

Lakini nimeanzia mbali. Kazi yenyewe ilianza kabla ya spana ya kwanza kushikwa, na ilianza kwa masikio.

"Sikiliza kwanza, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Spana hazikimbii."

Aliwasha injini, gia ikiwa frii, mguu nje ya klachi. Kama kuna mvumo, aliikanyaga klachi. Mvumo ukinyamaza, ugonjwa umo ndani ya boksi, kwenye beringi ya shafti ya kuingilia au za shafti ya chini, kwa sababu klachi ikikanyagwa shafti hizo zinasimama. Mlio ukianza pale unapokanyaga, boksi haina kosa. Ni ile beringi inayosukuma klachi ndiyo inayolalamika. Kisha alilipeleka gari barabara ya Pangani, akapita gia moja baada ya nyingine bila kusema neno. Boksi iliyovuma katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu ikatulia katika ya nne, ilikwisha kujitaja yenyewe. Katika gia ya nne nguvu inapita moja kwa moja toka shafti ya mbele hadi ya nyuma, na shafti ya chini inazunguka bila mzigo. Kwa hiyo kinacholia ni beringi za shafti ya chini. Gia inayochomoka ilimpa habari ya springi iliyochoka au bushi iliyolika. Gia inayokwaruza wakati wa kuingia, lakini ikishaingia inatulia, ilimpa habari ya ringi ya shaba.

Yote hayo aliyajua kabla ya kuchafua mkono. Leo wapo mafundi wanaokutajia bei ya boksi nzima kwa maelezo ya simu, gari lenyewe hawajaliona wala kulisikia.

Baada ya masikio ikafuata oili. Aliimwaga ikiwa bado ina joto, ndani ya karai safi. Usafi wa karai aliusisitiza sana, kwa sababu alitaka kuisoma oili, na karai chafu linasema uongo. Aliichovya vidole, akasugua kidole kwa kidole, akanyoosha mkono juani. Matope laini ya kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande vinavyochoma ngozi ni jino lililovunjika au beringi iliyopasuka. Na zile chembe za manjano zinazometameta kwenye jua ni ringi za shaba zinazokwisha. Nilipokuwa mdogo nilidhani chembe zile ni jambo zuri, kwa jinsi zilivyopendeza. Mzee alizitazama kwa huzuni.

Sasa nifike kwenye sehemu niliyoipenda kuliko zote, ambayo leo siioni popote. Turubai lilitandikwa kivulini, likafagiliwa, kuku wakafungiwa bandani. Watoto walizuiwa kupita upande ule. Kila kilichotoka ndani ya boksi kilipangwa juu ya turubai kwa mpangilio wa kutoka kwake, kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kipande kikiwa kimeelekea kule kilikokuwa kimeelekea ndani. Gia iliyotazama mbele ilitazama mbele hata ikiwa chini. Washa za shafti moja alizitunga kwenye waya mmoja kama zilivyofuatana, kwa kuwa unene wake hautofautiani kwa macho, lakini kiwandani zilichaguliwa moja moja ili shafti ipate nafasi yake kamili. Ukizichanganya, boksi itabana au italegea, na hutajua kwa nini. Penye vipande viwili vinavyofanana alitia alama kwa senta panchi, nukta moja kwa hiki, nukta mbili kwa kile. Hakuandika popote. Turubai lilikuwa ndiyo maandishi yake, na mtu yeyote mwenye akili angeweza kuyasoma siku inayofuata hata kama mwandishi amelala homa.

Na gololi. Ndani ya boksi ile mna fimbo tatu za kuchagulia gia: moja ya gia ya kwanza na ya pili, moja ya tatu na ya nne, moja ya rivasi. Kila fimbo imechimbwa vijishimo, na juu yake imekaa gololi ndogo ya chuma inayosukumwa na springi. Ule mguso unaousikia kiganjani gia inapoingia, ule unaokuhakikishia kwamba imekaa, ni gololi inayodumbukia katika kijishimo chake. Dereva anaweza kuendesha umri wake wote akidhani mguso ule unatoka kwenye mkono wa gia anaoushika. Unatoka huko ndani, kwenye kitu kinachokaa juu ya ncha ya kidole.

Gololi hizo zinaruka. Fimbo ikichomolewa bila tahadhari, springi inaitupa gololi uani, na siku nzima inaisha watu wakipekua mchanga. Kazi yangu ilikuwa kushika kitambaa. Mzee alichomoa fimbo polepole, mimi nimeziba tundu kwa kitambaa na kiganja, mpaka nisikie kitu kimenigonga. Hapo alitabasamu, akaichukua, akaifuta, akaitia kwenye kopo la dawa ya viatu pamoja na wenzake. Alizihesabu zikiingia koponi na alizihesabu zikitoka. Upande wa pili wa ukuta watoto wa jirani walikuwa wakicheza gololi za vioo, wanapiga kelele, wanagombana, sikutamani kwenda.

Kati ya fimbo na fimbo mna kitu kidogo zaidi, kipini kinachozuia gia mbili zisiingie kwa pamoja. Kikisahaulika wakati wa kufunga, boksi itafungika vizuri tu. Gari litawashwa, litatembea, mteja atalipa na kushukuru. Litatembea hivyo mpaka siku mkono utakapoteleza zikaingia gia mbili kwa mpigo, na boksi ikagoma kuzunguka magurudumu yakiwa mbioni. Huu ndio uungwana wa kazi hii ninaotaka kuusifu kwa sauti. Mna kipande ambacho gari linaweza kuondoka bila kuwa nacho, ambacho mwenye gari hakijui wala hatakiulizia, na fundi peke yake ndiye anayejua kama amekirudisha. Baba mdogo alikirudisha kila mara, na kila mara, kabla ya kufunika, alijaribu kwa bisibisi kulazimisha fimbo mbili ziende pamoja, ili aone zikikataa.

Ringi za shaba nazo zina historia yake. Katika magari ya mwanzo, tangu Panhard na Levassor wa Ufaransa walipoanza kutelezesha gia juu ya shafti miaka ya 1890, dereva ndiye aliyepaswa kulinganisha mwendo wa gia kwa mguu na sikio lake. Akikosea, meno yalisagana. Mwaka 1928 Cadillac wa Marekani walileta magari yenye kifaa cha kulinganisha mwendo huo chenyewe, na kiini chake katika boksi nyingi zilizofuata kikawa ringi ya shaba ya manjano yenye mifereji myembamba ndani, inayokandamizwa juu ya koni ya gia. Mifereji inakata utando wa oili, shaba inaikamata koni, na vitu viwili vilivyokuwa vikizunguka kwa mwendo tofauti vinakuwa na mwendo mmoja kabla meno hayajakutana. Anayedandia daladala lililokwisha kuanza kuondoka anafanya hivyo hivyo: anakimbia nalo sambamba kwanza, ndipo anaweka mguu mlangoni.

Land Rover walichelewa. Mpaka Series III ilipotoka mwaka 1971, ringi hizo zilikuwa kwenye gia ya tatu na ya nne peke yake. Ukitaka kurudi gia ya pili katika IIA unakanyaga klachi mara mbili: unatoa gia, unaachia klachi, unapandisha injini kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Madereva wa mkonge na wa serikali walifanya hivyo wakiwa wanazungumza, bila kufikiri. Baba mdogo alifanya hivyo hata kwenye magari yasiyohitaji. Alisema ringi nyingi zinauawa na dereva kabla hazijafikia uzee wao, na mtu aliyewahi kuishika mkononi ringi iliyokwisha hawezi tena kuingiza gia kwa nguvu.

Kuipima ni jambo la vidole. Ringi nzima, ukiikandamiza kwenye koni yake na kuizungusha, inakamata na kugoma, iliyokwisha inateleza. Kisha unatazama nafasi inayobaki kati ya ringi na meno ya gia, ambayo hupungua kadiri shaba inavyolika. Na hapa niseme jambo ambalo kila mwenye gari la gia za mkono angefaa kulijua. Oili ya difu si oili ya giaboksi. Oili nyingi za difu, zile zenye alama ya GL-5, zina viambato vingi vya salfa na fosforasi vya kuyalinda meno yanayosuguana kwa nguvu kubwa. Katika boksi nyingi za zamani viambato hivyo hudhuru shaba ya manjano, na utelezi wake huizuia ringi isikamate. Boksi hizo zinataka GL-4. Mitaani kwetu zote zinaitwa oili ya gia, zinachotwa kwenye pipa moja, na muuzaji anashangaa ukimuuliza tofauti.

Elimu hii ya kuifungua boksi haikuingia majumbani kwa hiari. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Mtu wa Tanga aliyezoea kupata spea Mombasa, mwendo wa saa chache tu kupitia Horohoro, akajikuta beringi moja imekuwa magendo. Thika palikuwa na kiwanda cha Leyland kilichounganisha Land Rover, lakini Thika ikawa ng'ambo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni zilizobaki. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983, na katika miaka ile iliyopita katikati, boksi ikifa ilikuwa lazima ifufuke, hakukuwa na ya kuweka badala yake. Baba mdogo alikuwa akisimulia jinsi karakana za mkonge zilivyokereza bushi kutoka kwenye vipande vya shaba vilivyookotwa kwenye mitambo iliyokufa, na jinsi boksi tatu mbovu zilivyounganishwa kuwa mbili nzima. Sisifu uhaba. Watu waliteseka. Ninachosema ni kwamba uhaba ulitufundisha kitu kwa gharama kubwa, na mlango ulipofunguka tukakitupa bure.

Kuna sauti moja ya kazi ile ambayo ningeitambua popote: kugonga gasketi. Boksi ilipokuwa tayari kufungwa, mzee alichukua karatasi nene, akailaza juu ya uso wa kasha uliokwisha kusafishwa ukang'aa, akaanza kuigonga kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Aligonga kwa wepesi, kufuata ukingo wa chuma, tik tik tik, na ukingo wenyewe ukawa ndio unaokata karatasi. Matundu ya boliti aliyatoboa kwa kichwa cha duara cha nyundo hiyo hiyo, kila tundu kwa mapigo machache. Alitia boliti mbili kwanza ili karatasi isihame. Baada ya muda alinyanyua gasketi kamili, ina kila kona na kila tundu, haikupimwa kwa rula wala kukatwa kwa mkasi. Aliipaka grisi kidogo pande zote mbili, akaiweka. Sijaona mashine iliyonipendeza kuitazama kama mkono ule.

Leo kuna silikoni ya tyubu. Inafaa ikitumiwa kwa kiasi, na mzee mwenyewe hakuikataa. Lakini nimewaona vijana wakiipaka kama siagi, uso haujasafishwa, na ikikandamizwa inafurika ndani na nje. Ya nje inaonekana. Ya ndani inakatika vipande, inaogelea kwenye oili, inaziba vinjia vya kupeleka mafuta kwenye beringi, na miezi michache baadaye boksi inavuma tena. Mwenye gari anaambiwa boksi za mtumba hazina bahati. Simu inatolewa mfukoni.

Hata kuirudisha boksi kwenye injini kulikuwa na adabu yake. Pleti ya klachi inapobanwa lazima tundu lake lilingane kabisa na tundu la krenki, la sivyo shafti haiingii. Wengine hutumia shafti kuukuu. Baba mdogo alikuwa na kijiti cha mpera alichokichonga mwenyewe, upande mmoja mwembamba wa kuingia kwenye krenki, upande wa pili mnene wa kukaa kwenye pleti, kimelainishwa kwa miaka ya grisi mpaka kikawa cheusi. Boksi ilishuka kutoka mwembeni, ikasogezwa, mtu mmoja akazungusha shafti ya nyuma ya boksi kidogo kwa mkono, na shafti ikazama mahali pake bila nyundo. Kama ni lazima kupiga nyundo, alisema, kuna kitu hujakielewa. Nilimsikia akiwaambia hivyo watu wazima, kwa upole, huku akiwanyang'anya nyundo.

Najua dunia inakokwenda. Magari yanayoingia bandarini Dar es Salaam na Mombasa, IST, Noah na mengine ya aina hiyo, mengi yanabadilisha gia yenyewe. Land Rover ya umbo lile la kale ilikoma kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016. Hata Land Cruiser ya 70, gari la mbugani na la hospitali za vijijini, siku hizi linauzwa pia likiwa na gia zinazojibadilisha zenyewe. Hayo siyalilii. Ninalolilia ni kwamba Hiace, Coaster, Canter na kirikuu za gia za mkono bado zimejaa barabarani, zitakuwepo kwa miaka mingi, na mikono inayozielewa inapungua kila msimu. Boksi inayokufa kwa sili ya oili ya bei ndogo inatupwa nzima. Kijana aliyekaa gereji miaka mitano amebadilisha boksi nyingi na hajawahi kuifungua hata moja. Si mvivu. Hakuna aliyempa muda, na mteja amesimama nyuma yake anatazama saa.

Spana za baba mdogo ziliuzwa kwa kilo baada ya msiba wake. Waliouza walikuwa na shida ya fedha, na mnunuzi hakujua Whitworth ni nini.

Basi kwa walimu wa ufundi, wa VETA na wa vyuo vingine, ombi langu ni hili: msiishie kuwaonyesha wanafunzi boksi iliyokatwa ubavu na kupakwa rangi ya maonyesho. Wapeni iliyokufa, waifungue, watafute kilichoiua, waifunge, iingizwe garini, na mtihani uwe gari kutembea. Na wewe msomaji mwenye gari la gia za mkono linaloanza kuvuma, usikimbilie mtumba kwanza. Mtafute mzee mmoja mtaani kwenu ambaye bado anaweza kuifungua. Mwite nyumbani, mpe kivuli na karai safi, mlipe kila siku atakayokuwepo, na umwombe akae na kijana wa kumshikia kitambaa.